Fumbo la Saa Katika Ofisi ya Mkuu wa Stesheni

Kazi yangu ni kubuni vyumba vya mafumbo vya familia hapa Nairobi, na wazazi wanaopiga simu kuweka nafasi huniuliza kwanza kama watoto wao wataweza. Jibu langu hutegemea namna fumbo lilivyotungwa kuliko umri wa mtoto. Fumbo la mantiki halipimi mtu amesoma kiasi gani: kila kinachohitajika ili kulifumbua lazima kiwemo ndani ya chumba, mahali ambapo jicho litakiona, na kazi ya wachezaji ibaki kuunganisha tu.

Mchezo huu, ambao kikundi cha watu huingia katika chumba chenye mandhari fulani na kupewa takriban saa moja ya kufumbua mafumbo hadi watoke, ulianza kwa umbo lake la sasa mjini Kyoto, Japani, mwaka 2007. Mandhari yetu hatukuyatafuta mbali, kwa kuwa Nairobi yenyewe ilizaliwa na reli. Ujenzi ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika hapa mwaka 1899, na mwaka 1901 ukafika Kisumu. Kwa hiyo chumba chetu ni ofisi ya mkuu wa stesheni wa zamani, yenye meza ya mbao, kandili, ratiba ya treni na sanduku lililotiwa kufuli la nambari. Miaka hiyo mitatu imeandikwa kwenye ramani iliyo ukutani, maana si haki kumtaka mtoto wa Gredi ya 3 awe anaijua kwa moyo.

Kufuli nalo lina hesabu yake. La tarakimu 3 lina michanganyiko 1,000, na mtoto mvumilivu anaweza kuijaribu yote kabla muda haujaisha bila kufikiri lolote. La tarakimu 4 lina 10,000. Hata hivyo, familia ikishapata tarakimu 4 tofauti bila kujua mpangilio wake, hubakiwa na njia 24 tu za kuzipanga, na hapo watu huacha kuwaza wakaanza kuzungusha. Ndiyo sababu ninataka fumbo litoe tarakimu pamoja na mpangilio wake kwa wakati mmoja.

Fumbo la saa hufanya hivyo, nami nalipenda kuliko yote niliyowahi kutunga. Mezani pana barua ambayo mkuu wa stesheni anamwandikia mkewe kwamba treni itaingia saa tatu na robo. Ratiba iliyo ukutani, kwa upande wake, imeandikwa kwa saa 24. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kwa hiyo saa tatu ya barua ni wakati ambao akrabu fupi imeelekea kwenye tisa. Watoto wengi wa Nairobi husoma saa kama simu inavyoiandika, ilhali wazee wao huisema kwa Kiswahili bila kufikiri mara mbili, na kila mmoja anashika nusu ya jibu.

Barua ya kwanza niliiandika vibaya. Sikutaja kama ni asubuhi au usiku, na familia moja ikafikia 0915 kwa hoja isiyo na dosari. Kufuli halikufunguka, wakaacha kuiamini barua, na muda ukawaishia wakipekua droo. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu fumbo lenye majibu mawili humwadhibu aliyefikiri sawasawa. Niliongeza neno moja, “usiku”, na sentensi inayosema kwamba kandili itakuwa imewashwa.

Baadaye, Jumamosi moja, nilitazama kwenye kamera nyanya mmoja akiisoma barua hiyo kwa sauti. Mjukuu wake akalalamika kwamba ratiba haina treni ya saa tatu.

“Saa tatu usiku, mjukuu wangu. Wakati ule mama yako anapowafukuza mkalale.”

Mtoto alinyamaza kidogo, kisha kidole chake kikaanza kushuka kwenye ratiba, mstari kwa mstari, hadi kikasimama kwenye 21:15.

Jambo moja sitalilegeza. Mnamo Januari 2019, wasichana watano wenye umri wa miaka 15 walifariki katika moto uliozuka kwenye chumba cha mchezo kama huu mjini Koszalin, Polandi. Mlango wetu haufungwi kamwe, na yeyote anaweza kuusukuma akatoka wakati wowote, awe amechoka, ameogopa au anataka choo. Kinachofungwa ni sanduku pekee, ambalo ndani yake mna bendera ya kijani. Familia ikiipata huipunga kwenye dirisha la tiketi, mwongozaji hupuliza filimbi, na saa ya mchezo husimamishwa.