Grisi Haisafishi: Dhana Potofu Kuhusu Nguzo ya Siti Yenye Springi

Nguzo ya siti yenye springi ni kifaa rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Katika aina iliyoenea zaidi, bomba la ndani linalobeba siti ya baiskeli hupanda na kushuka ndani ya bomba la nje lililofungwa kwenye fremu, likiongozwa na bushi za plastiki, yaani pete ambazo bomba huteleza juu yake, na kuegemea springi ya chuma, vipande vya raba ngumu, au vyote viwili kwa pamoja. Juu kuna nati ya mviringo inayozuia bomba la ndani lisichomoke, na chini kabisa kuna skrubu inayoibana springi. Aina ya pili haina mabomba yanayoingiliana. Ina mikono mifupi inayozunguka kwenye pini, nayo huipeleka siti nyuma na chini inapolemewa. Kwa kuwa sehemu hizi zimefichika, matunzo yake yametawaliwa na kubahatisha, na katika kubahatisha huko nguzo nyingi zinaharibiwa na mafuta yaleyale yaliyokusudiwa kuziokoa.

Dhana: Nguzo ikianza kulia, inyunyizie mafuta mepesi, kelele itakoma.

Ni kweli kelele hukoma, na hapo ndipo dhana hii inapopata nguvu yake. Tuchukue mfano wa WD-40, kopo ambalo karibu kila mwenye baiskeli analo. Herufi mbili za jina lake zinatokana na maneno yenye maana ya kuondoa maji, na dawa yenyewe ilibuniwa mwaka 1953 ili kukinga chuma dhidi ya kutu. Kimiminika chake ni chepesi, kina kiyeyushi ndani yake, na kwa sababu hiyo hupenya haraka mahali pembamba. Kinapofika kwenye bushi huilainisha grisi iliyokuwapo na kuifanya itiririke, kisha kiyeyushi huvukiza, na kinachobaki ni utando mwembamba usioweza kustahimili uzito wa mtu anayepanda na kushuka maelfu ya mara katika safari moja. Baada ya siku chache kelele hurudi, mwenye baiskeli hunyunyiza tena, na kila mara grisi iliyosalia inapungua. Mafuta ya mnyororo nayo hayafai hapa kwa sababu inayofanana na hiyo: ni mepesi mno kukaa juu ya bomba lililosimama wima, hivyo huteremka hadi chini ya fremu na kuiacha bushi kavu.

Lakini kupotea kwa grisi si hasara kubwa kuliko zote. Mafuta yanaponyunyiziwa kwenye ukingo wa nati kabla ya kufuta vumbi lililojikusanya hapo, vumbi hilo husombwa hadi ndani. Punje za mchanga ni ngumu kuliko plastiki ya bushi na kuliko alumini ya bomba, na zikichanganyika na mafuta hufanya rojo la kusagia, linalofanya kazi kama msasa. Ukifungua nguzo iliyotunzwa kwa kunyunyizwa tu, utakuta ute mweusi au wa kijivu, na chini ya ute huo michirizi ya wima ambayo hakuna grisi itakayoifuta. Kwa maoni yangu, mtu asiye na muda wa kuifungua nguzo afadhali aifute kwa kitambaa kikavu na kuiacha ilie kuliko kuinyunyizia.

Dhana: Kuifungua ni kazi ya fundi peke yake.

Nguzo ya mabomba yenye springi au raba inafunguka kwa vifaa vya kawaida, ili mradi kazi ifanywe kwa utaratibu. Kwanza zungushia utepe mahali nguzo inapoingia kwenye fremu, ili urefu wa siti usipotee. Ichomoe, kisha ilegeze skrubu ya chini kwa spana ya pembe sita, huku ukihesabu mizunguko mpaka itoke. Hesabu hiyo ndiyo itakayokurudishia mbano uliouzoea. Springi iliyobanwa ina nguvu, kwa hiyo usiielekeze usoni. Springi ikishatoka, fungua nati ya juu na uvute bomba la ndani polepole, kwa kuwa katika nguzo nyingi kuna vijiti vidogo vinavyokaa kwenye mifereji yake ili siti isizunguke, navyo hudondoka bila taarifa. Panga kila kipande juu ya kitambaa kwa mfuatano kilivyotoka, au kipige picha.

Kusafisha huanza na kitambaa kikavu. Ondoa kwanza grisi ya zamani pamoja na mchanga wake, ndipo uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukitumia mswaki wa zamani kwenye hesi za nati na kwenye mifereji. Ndani ya bomba la nje pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, ukibadilisha upande mpaka kitoke cheupe. Kisha kausha, na ukaushe kwelikweli, kwa sababu tone la maji lililofungiwa chini ya grisi mpya litaanza kutia springi kutu bila wewe kuona. Hatua hii ndiyo huchukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kupaka grisi ni kazi ya dakika chache tu mwishoni.

Onyo moja linahitajika hapa. Nguzo za kushusha na kupandisha siti kwa kitufe, ambazo nyingi zina hewa iliyoshindiliwa au mafuta ya haidroliki, si jamaa za nguzo hii hata kama zinafanana kwa nje. Hizo zisifunguliwe kwa maelezo haya.

Dhana: Petroli husafisha vizuri zaidi kuliko sabuni.

Husafisha chuma. Raba na plastiki zinaweza kuvimba, kulainika au kupasuka zikikutana nayo, na nguzo hii imejaa vyote viwili, mbali na hatari ya moto. Sabuni inatosha.

Dhana: Grisi ni grisi, na ikizidi ni bora.

Grisi zinatofautiana kwa yale zinayoyagusa. Baadhi ya aina za raba huvimba zikikaa kwenye grisi inayotokana na mafuta ya petroli, nyingine hazidhuriki, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana agizo la mtengenezaji linatangulia ushauri wa mtu yeyote. Pasipo agizo, grisi iliyoandikwa waziwazi kwamba inafaa kwa plastiki na raba ndiyo salama. Paka utando mwembamba kwenye bomba la ndani, kwenye bushi, kwenye mifereji na vijiti vyake, na kidogo kwenye hesi za nati. Springi ya chuma ipakwe pande zote, maana inaposuguana na ukuta wa bomba hutoa mlio, na grisi huikinga dhidi ya kutu. Ukirudisha bomba la ndani na kulisukuma mara kadhaa, grisi iliyozidi itajitokeza chini ya nati. Ifute yote, kwa kuwa grisi iliyo nje haina kazi nyingine ila kunasa vumbi.

Kwa nguzo ya mikono, mahali pa grisi ni kwenye pini na bushi zake, wala si juu ya mikono yenyewe.

Dhana: Ikilegea au ikicheza, kaza skrubu ya chini.

Skrubu hiyo haibadilishi ugumu wa springi. Inaibana tu tangu mwanzo, ili nguzo isianze kushuka mpaka uzito fulani ufikiwe. Anayeona nguzo inamwangusha hadi mwisho kila shimo anahitaji springi au raba ngumu zaidi, inayolingana na uzito wake, na anayekaza mpaka nguzo isisogee kabisa amejinunulia bomba zito. Tena skrubu isilegezwe hadi ichomoze nje ya mdomo wa bomba. Hapo haishikiliwi vya kutosha na inaweza kutoka.

Kucheza kwa siti kushoto na kulia ni jambo tofauti kabisa. Kucheza kidogo sana ni kawaida katika nguzo nyingi za mabomba, kwa sababu bushi zinahitaji nafasi ili ziteleze. Kukiongezeka, angalia kwanza kama nati ya juu imelegea. Ikiwa imekaza na siti bado inacheza, bushi au vijiti vimelika na vinahitaji kubadilishwa. Grisi nzito huificha hali hiyo kwa wiki moja au mbili tu.

Dhana: Kelele yoyote chini ya mpandaji inatoka kwenye springi.

Mara nyingi inatoka kwenye reli za siti na kibanio chake, au mahali nguzo inapokutana na fremu. Ushike siti kwa mikono miwili na kuisukuma mbele na nyuma bila kuibonyeza: ikilia hivyo, springi haihusiki.

Dhana: Nguzo hufikiwa na maji kutoka juu tu, na mpira wa kukinga vumbi huyamaliza.

Gurudumu la nyuma hurusha maji na tope moja kwa moja kwenye mwanya wa kubania ulio kwenye fremu nyuma ya nguzo, na kutoka hapo maji huingia hadi chini ya springi. Bawa la gurudumu, yaani madigadi, husaidia sana. Mpira wa kukinga vumbi nao ni mzuri, lakini uliopasuka hushikilia unyevu badala ya kuuzuia, kwa hiyo uinuliwe na kukaguliwa kila baada ya safari ya mvua. Bomba la maji ya shinikizo lisielekezwe kwenye nati kamwe, kwani hupeleka tope mahali ambapo mvua isingelifikisha.

Dhana: Nje ya nguzo iachwe kavu, isije ikateleza kwenye fremu.

Nguzo ya alumini ikikaa mwaka mzima ndani ya fremu ya chuma bila grisi, unyevu huzifanya metali hizo mbili kulana na kushikana, na kuitoa baadaye kunaweza kuigharimu nguzo yenyewe au hata fremu. Paka grisi nyembamba kwenye sehemu inayoingia. Nguzo yenye kipenyo sahihi, kwa mfano milimita 27.2 katika fremu ya kipimo hicho, haitelezi kwa sababu ya grisi. Ikiteleza, kipimo au kibanio ndicho kina kasoro. Fremu ya kaboni inatofautiana, kwani hiyo hutumia rojo maalumu la kuongeza mshiko badala ya grisi. Rudisha nguzo mpaka kwenye utepe wako, hakikisha mstari wa kina cha chini kabisa umezama ndani ya fremu, na baada ya safari ya kwanza kagua tena nati ya juu na boliti za siti, kwa sababu vipande vilivyofunguliwa hujikalisha upya vikishabeba uzito.