Sundowns na pesa iliyosubiri miaka 12

Usiku wa Aprili 5, 2024, Watanzania wengi walilijua jina la uwanja wa Loftus Versfeld bila kupenda. Stephane Aziz Ki wa Yanga aliachia shuti, mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini kwenye mstari na kurudi uwanjani. Nusu ya kibanda umiza nilimokuwa nimekaa ilikwisha kusimama. VAR ikapitia, bao halikukubaliwa. Dar es Salaam ilikuwa 0-0, Pretoria nayo 0-0, zikaja penalti, na Mamelodi Sundowns wakaitoa Yanga kwa 3-2 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Jirani yangu kwenye benchi, mzee wa makamo mwenye jezi ya kijani, alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, hawa wana pesa za madini. Sisi tuna nini?"

Sikumjibu. Usiku ule haukuwa wa kubishana na mtu wa Yanga. Lakini kazi yangu ni kuchambua video za mechi kwa ajili ya makocha, na Sundowns nimeitazama kwa miaka mingi kuliko nilivyoitazama timu nyingine yoyote ya kusini mwa Afrika. Ile kauli ya pesa za madini ni kweli nusu. Nusu ya pili nimekuwa nikiieleza vipande vipande kwenye simu za watu, bora niiandike yote hapa.

Tuanzie Marabastad, mtaa wa karibu na katikati ya jiji la Pretoria, ambako Waafrika, Wahindi na machotara waliishi wamebanana. Vijana wa hapo ndio walioianzisha Sundowns miaka ya 1960. Kisha serikali ya ubaguzi ikaupangua mtaa kwa sheria yake ya maeneo ya makundi: Waafrika wakasukumwa Atteridgeville, Wahindi Laudium, machotara Eersterust. Mtaa ulikufa, timu ikabaki. Mwaka 1970 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka rasmi wa kuzaliwa kwa klabu. Jina la Mamelodi, kitongoji kilicho mashariki mwa Pretoria, lilikuja kushikamana nayo baadaye.

Pesa kubwa ya kwanza iliingia mwaka 1985, na haikutoka ardhini. Mfanyabiashara mmoja wa Soweto, Zola Mahobe, aliinunua klabu na kuibadilisha kama mtu anayehamia nyumba mpya. Jezi zikawa njano na bluu, kwa kuiga Brazil, na hadi leo mashabiki wanajiita Wabrazili. Akasajili majina makubwa, akalipa mishahara ambayo wachezaji weusi wa enzi ile hawakuizoea. Watu wakamwita Mr Cool, wengine wakauliza kimoyomoyo anazipata wapi. Jibu lilipatikana mahakamani: mpenzi wake alikuwa mfanyakazi wa benki, na mamilioni ya randi yalikuwa yakihamishwa kutoka huko. Wote wawili wakafungwa. Benki ikajikuta inamiliki timu ya mpira, jambo ambalo bila shaka halikuwemo kwenye mipango yake ya mwaka.

Hapa ndipo ninapomshika msomaji mkono. Ubingwa wa kwanza wa ligi haukuja Mahobe akiwa amekaa jukwaani. Ulikuja mwaka 1988, mwenye pesa akiwa hayupo tena. Kilichobaki kilikuwa wachezaji, pamoja na kocha aliyeitwa Stanley Tshabalala, maarufu kwa jina la Screamer.

Screamer aliwafundisha mchezo ambao wenyewe waliupa jina la kung'arisha viatu na kupiga piano. Ukipata video za zamani, zitazame bila sauti. Wachezaji watatu wamesimama kwenye eneo dogo kama ubao wa mchezo wa bao, mpira hauinuki. Wa kwanza anaupitishia soli juu, kama mtu anayepiga brashi kiatu. Wa pili anaugusa mara moja tu, wa tatu tayari ameshageuka. Beki akiufuata mpira, umeondoka. Akisimama, wanampita pembeni. Ni vitu vifupi vifupi, vya haraka, vyenye madoido. Mtu aliyezoea soka la mipira mirefu anaweza kuona ni utani mtupu. Ila mataji ya 1988, 1990 na 1993 yalipatikana kwenye ligi ya wakati huo, na mchezo huo ndio uliokuwa utambulisho wao.

Benki iliwauzia timu ndugu wawili wa familia ya Krok, waliotajirika kwa kuwauzia watu weusi krimu za kung'arisha ngozi. (Ndugu haohao baadaye, katika kutafuta leseni ya kasino, ndio waliojenga Jumba la Makumbusho la Ubaguzi mjini Johannesburg. Afrika Kusini ina mambo.) Chini yao ilipoanza ligi mpya ya sasa mwaka 1996, Sundowns walichukua mataji matatu mfululizo, 1998 hadi 2000, na mwaka 2001 wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Nyumbani 1-1 na Al Ahly, Cairo wakala 3-0.

Sasa ndiyo tunafika kwa yule wa madini. Patrice Motsepe, ambaye sasa ndiye rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, aliingia kama mbia mwaka 2003 na mwaka uliofuata klabu ikawa yake yote. Mzee wa kibandani angetegemea kwamba kuanzia hapo Afrika ingepiga magoti. Haikupiga. Mataji mawili ya ligi yalikuja 2006 na 2007, halafu ukame wa miaka saba.

Na haukuwa ukame wa mtu maskini. Mwaka 2009 waliletewa Hristo Stoichkov, mshindi wa Ballon d'Or, kuwa kocha. Akaondoka bila ubingwa. Mwaka 2011 akaja Johan Neeskens, Mholanzi aliyecheza fainali mbili za Kombe la Dunia. Machi 2012, Sundowns ya Neeskens iliifunga timu ya madaraja ya chini iitwayo Powerlines mabao 24-0 kwenye Kombe la Nedbank, Hlompho Kekana peke yake akifunga saba, naye ni kiungo. Dunia nzima iliandika habari ile. Fainali ya kombe hilohilo walipoteza mbele ya majirani zao SuperSport United. Mabao 24 katika mechi moja, kombe hakuna. Kila ninapofundisha makocha vijana habari za takwimu zinazodanganya, mfano huu ndio naufungulia somo.

Desemba 2012 Neeskens akafukuzwa, timu ikiwa inahangaika maeneo ya chini ya msimamo. Akaja Pitso Mosimane, ambaye alikuwa ametemwa timu ya taifa miezi michache tu kabla. Hakuwa na jina la Ulaya. Alichopewa, ambacho wenzake hawakupewa, kilikuwa muda: karibu miaka minane.

Pitso hakuleta mapinduzi ya mtindo. Alirudi kwenye pasi za chini za Screamer, akazitia adabu. Mpira ukipotea, watatu wa karibu wanaukimbilia kwanza kabla ya kurudi nyuma. Madoido yaliruhusiwa theluthi ya mwisho ya uwanja; karibu na goli lako mwenyewe, hapana. Mbele kukawa na utatu uliobatizwa CBD, herufi za Castro wa Colombia, Billiat wa Zimbabwe na Dolly wa Johannesburg. Ubingwa ukarudi 2014 na 2016.

Mwaka huo wa 2016 unanifurahisha kuliko yote, kwa sababu Sundowns walitolewa Afrika mara mbili kabla ya kuwa mabingwa wake. Kwanza AS Vita ya Kinshasa iliwatoa Ligi ya Mabingwa kwa bao la ugenini (mkilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita). Wakaangukia mchujo wa Kombe la Shirikisho, na huko Medeama ya Ghana ikawatoa tena kwa bao la ugenini. Msimu wa kimataifa ukawa umekwisha. Halafu ikabainika kwamba Vita walimchezesha mchezaji asiyestahili, Idrissa Traoré, kwenye mechi yao na Mafunzo ya Zanzibar. Vita wakaondolewa, Sundowns wakarudishwa hatua ya makundi wakiwa wamekwisha kubeba mabegi. Ndiyo maana huwa nawaambia jamaa zangu wa Unguja kwamba ile nyota ya ubingwa wa Afrika juu ya nembo ya Sundowns ina uzi mmoja wa kwao.

Waliporudi hawakuomba msamaha kwa mtu. Nusu fainali walifungwa 2-1 na Zesco kule Ndola, wakashinda 2-0 nyumbani. Fainali, Oktoba 15, waliivunja Zamalek kwa 3-0 pale Atteridgeville, kitongoji kilekile ambacho watu wa Marabastad walisukumiwa. Marudiano nchini Misri walipoteza 1-0 na kombe likapanda ndege nao. Golini alisimama Denis Onyango, Mganda, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa kwa mkopo Bidvest Wits kwa kukosa namba. Alimaliza mwaka kwa tuzo ya CAF ya mchezaji bora anayecheza barani.

Hesabu sasa: 2004 hadi 2016. Pesa ya madini ilikaa miaka 12 kabla ya kuzaa nyota.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Super Cup ya 2017 dhidi ya TP Mazembe. Al Ahly kupigwa 5-0 Aprili 2019, kipigo ambacho nadhani ndicho kilichowafanya Wamisri wamchukue Pitso mwenyewe mwaka 2020, naye akawapa Ligi ya Mabingwa mara mbili. Wengi tulidhani Sundowns watayumba. Badala ya kupanda ndege kutafuta jina, waliwakabidhi timu makocha waliokwisha kuifanyia kazi, Manqoba Mngqithi na Rhulani Mokwena, na ubingwa haukuondoka. Kuanzia 2018 hadi 2025 waliuchukua mara nane mfululizo, jumla ikawa 18 ukichanganya na ile mitatu ya ligi ya zamani. Mwaka 2023 wakabeba pia African Football League, michuano iliyofunguliwa hapa kwa Mkapa na ile sare ya 2-2 ya Simba na Al Ahly. Timu yao ya wanawake nayo imechukua Ligi ya Mabingwa ya CAF mara mbili, 2021 na 2023, kwa hiyo hadi 2025 dada zao walikuwa wamewazidi kwenye Ligi ya Mabingwa.

Niliwahi kupigiwa simu na kiongozi wa klabu moja, jina nalihifadhi, akitaka nimtafutie straika "wa aina ya Shalulile". Ilikuwa Jumanne, dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa. Nikamwambia Peter Shalulile hakuokotwa Ijumaa. Alikuwa Highlands Park, timu ndogo ya Tembisa, amefunga mabao 16 msimu wa 2019/20, na kila mtu nchini mle alikuwa akimwona. Sundowns walimchukua kwa sababu walijua anakimbilia wapi mpira unapokuwa kwa winga, na wao mpira wao hupita kwa winga. Kiongozi akaniuliza kama nina namba ya wakala. Hivyo ndivyo mazungumzo yalivyoisha.

Mwaka 2025 walikosa nyota ya pili kwa tundu la sindano: Pyramids walisawazisha Pretoria dakika za nyongeza, 1-1, kisha wakashinda 2-1 Cairo. Wiki chache baadaye walikuwa Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wakaifunga Ulsan 1-0, wakatoka 0-0 na Fluminense. Katikati ya mechi hizo ilikuwepo ya Borussia Dortmund, Cincinnati, waliyopoteza 4-3.

Ya Dortmund ninayo kwenye simu. Lucas Ribeiro, wakati ule Mbrazili halisi wa Wabrazili hawa, anaupokea mpira kwenye nusu yake, anageuka, anakimbia katikati ya uwanja huku mabeki wa Bundesliga wakirudi nyuma mmoja mmoja, anampita wa mwisho na kumfunga kipa Kobel. Juzi nilimwonyesha mzee wa kibandani. Aliitazama mara tatu, akaomba nimtumie, kisha akaniambia lile la Aziz Ki lilikuwa bao.