Laini Moja, Kampuni Nyingi: Kwa Nini Wasambazaji wa Umeme wa Goma Wanapaswa Kupanga Pamoja

Katika jiji la Goma, mashariki mwa Kongo, wateja wa umeme hawategemei tena kampuni moja. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta hii kwa wawekezaji, na leo shirika la taifa, SNEL, linafanya kazi katika jiji lenye pia kampuni kama Virunga Energies na Nuru. Ushindani huo umewasha taa katika nyumba nyingi zilizokuwa zikisubiri kwa miaka, na hilo ni jambo jema. Lakini kuna mahali ambapo ushindani haufai kitu, napo ni kwenye laini ya msongo (volteji) mkubwa, ile inayochukua umeme mtoni na kuufikisha pembezoni mwa jiji.

Sehemu kubwa ya umeme wetu huzalishwa mbali. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, wilayani Rutshuru, chenye uwezo wa megawati 13.6, kilizinduliwa mwaka 2015. Kwenye mto Ruzizi, upande wa Bukavu, kituo cha Ruzizi ya kwanza kinafanya kazi tangu 1958 na cha pili tangu 1989. Umeme unaposafiri, sehemu yake hugeuka joto ndani ya waya na kupotea. Ukiongeza msongo mara mbili huku ukisafirisha nguvu ileile, mkondo hupungua kwa nusu na upotevu hushuka hadi robo. Ndiyo sababu msongo mkubwa hauepukiki katika safari ndefu. Tatizo ni kwamba minara, ardhi ya kupitisha nyaya na fidia kwa wenye mashamba hugharimu karibu sawa, iwe laini inabeba umeme mwingi au kidogo. Kampuni mbili zinazojenga kila moja laini yake ndogo hutumia fedha nyingi kuliko zingejenga moja kubwa kwa pamoja, na gharama hiyo humfikia mama anayenunua yuniti za kashpawa, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia.

Huko Marekani, miji mingi midogo inamiliki mashirika yake ya umeme, na hakuna hata mmoja kati yake ungeweza kujenga peke yake laini ya mamia ya kilomita. Mwaka 2004, katika jimbo la Minnesota na majimbo jirani, mashirika ya miji, vyama vya ushirika na kampuni kubwa binafsi yalianzisha mpango ulioitwa CapX2020. Kwanza yalikadiria kwa pamoja mahitaji ya eneo zima hadi mwaka 2020, kisha yakajenga laini zenye urefu wa takriban kilomita 1,300, nyingi zikiwa za kilovolti 345, kwa zaidi ya dola bilioni 2; kazi ilikamilika mwaka 2017. Katika laini inayopita Rochester kuelekea La Crosse, shirika la mji wa Rochester linamiliki asilimia 9 tu, lakini ni mmiliki kamili wa sehemu hiyo wala si mpangaji wa kuomba nafasi. Kwa maoni yangu, uamuzi wenye busara zaidi ulikuwa kusimamisha nguzo zenye nafasi ya seti ya pili ya nyaya katika sehemu kadhaa, ili mahitaji yatakapokua isihitajike kutafuta njia mpya.

Ushirika wa aina hii si mgeni kwetu. Ruzizi ya pili inaendeshwa na SINELAC, shirika la pamoja la Kongo, Rwanda na Burundi. Ikiwa nchi tatu ziliweza kumiliki kituo kimoja, kampuni za jiji moja haziwezi kudai kwamba jambo hili haliwezekani.

Kazi ya kwanza si kutafuta mkopo. Kila kampuni inapaswa kuweka mezani takwimu zake: ina wateja wangapi, inatumia umeme kiasi gani saa za jioni, na inatarajia kufika wapi miaka kumi ijayo. Kampuni huficha takwimu hizi zikiogopa mshindani, na hofu hiyo inaeleweka. Kwa hiyo zikabidhiwe ARE, mamlaka ya kudhibiti sekta ya umeme iliyoundwa kwa sheria hiyohiyo ya 2014, ili itoe makadirio ya jumla bila kufichua siri ya yeyote. Baada ya hapo ndipo mkataba unaweza kuandikwa, ukitaja hisa ya kila mshiriki, haki yake ya kupitisha umeme kulingana na hisa hiyo, na nani atalipia matengenezo mnara unapoanguka.