Kutoka Kidimbwini hadi Kilomita 226: Jinsi Mkazi wa Mombasa Anavyoweza Kupanga Triathloni Ndefu

Vijana wengi wanaokuja kwenye kliniki yetu ya mazoezi na tiba ya viungo huwa na swali moja: nikitaka kumaliza triathloni ndefu, ile ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia siku nzima, nianzie wapi? Wengi wao ni wakimbiaji wazuri. Wengine huendesha baiskeli hadi Kilifi na kurudi kila Jumapili. Sisi huwauliza kwanza: unaweza kuogelea nusu saa bila kugusa chini?

Hapo wengi hunyamaza. Tumezaliwa na bahari mlangoni, lakini wengi wetu huishia pale maji yanapofika kifuani. Ndiyo maana mpango tunaoupendekeza hapa unaanza na maji, na unahesabiwa kwa miaka.

Umbali wenyewe ni huu: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, mfululizo. Ukiupima kwa pwani yetu, utaogelea sehemu kubwa ya ufuo wa kutoka Nyali hadi Bamburi, utaendesha baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi kisha urudi hadi Kilifi, halafu ushuke ukimbie kutoka Kilifi hadi karibu na Mtwapa. Mashindano ya kwanza ya umbali huu yalifanyika Hawaii mwaka 1978. Watu 15 walianza, 12 wakamaliza, na mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Siku hizi mashindano mengi humpa mshiriki saa 16 au 17, na ukichelewa sana majini, mara nyingi zaidi ya saa mbili na dakika 20, huruhusiwi kupanda baiskeli.

Kabla ya kufika huko ziko ngazi tatu. Ya kwanza ni mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Ya pili ni kilomita 1.5, 40 na 10, ambayo imekuwa kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000. Ya tatu ni nusu ya umbali kamili: 1.9, 90 na 21.1. Kwa mtu anayeanza bila kujua kuogelea, tunashauri ngazi moja kwa mwaka, na ile ndefu kabisa mwaka wa nne au baadaye. Anayejua kuogelea tayari anaweza kufupisha safari, lakini si kwa kuruka ile ya nusu.

Wengi hutuambia huu ni uoga. Sababu yetu iko mwilini. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi mingi kuimarika. Baada ya miezi mitatu pumzi inasema twende, muundi unasema bado, na watu husikiliza pumzi. Wagonjwa wengi wa goti, kisigino na muundi tunaowahudumia wamepitia njia hiyo.

Kabla ya yote, fika kwa daktari ikiwa umewahi kuzimia au kuumwa kifua ukifanya mazoezi, ikiwa ndugu wa damu alifariki ghafla akiwa kijana, au una shinikizo la damu, kisukari au pumu. Mwenye siko seli, au aliyerithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja tu, anahitaji ushauri maalum kuhusu joto na kukaukiwa na maji. Na ukiwa na homa, ya malaria au nyingine yoyote, mazoezi husimama hadi upone na nguvu zirudi.

Maji kwanza

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikusanya visa 135 vya vifo na vya moyo kusimama katika triathloni kwa zaidi ya miaka 30. Visa 90 vilitokea wakati wa kuogelea. Baiskeli ina ajali na mbio zina joto, lakini theluthi mbili ya visa hivyo vilitokea majini. Kwa hiyo mtu anayesema atajifunza kuogelea miezi miwili kabla ya mashindano hatukubaliani naye hata kidogo.

Anzia kidimbwini. Hoteli kadhaa za Nyali, Bamburi na Shanzu huruhusu watu wa nje kuogelea kwa malipo, na kocha wa miezi michache ana faida kuliko baiskeli ya bei ghali. Mwangalie anayeanza: anashika pumzi, anainua kichwa ili avute hewa, na mara tu kichwa kinapopanda miguu inazama. Sasa anasukuma maji kwa mwili uliosimama, na baada ya mita 25 amechoka hoi. Hilo halitatuliwi kwa nguvu. Toa pumzi polepole uso ukiwa ndani ya maji, mapovu yatoke puani na mdomoni, halafu ugeuze kichwa pembeni pamoja na bega, jicho moja likibaki majini. Dakika 30 mara tatu kwa wiki zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Ukiweza mita 400 bila kusimama unaweza kuzoea bahari penye kina kifupi. Subiri ufikishe kilomita moja kabla ya kuogelea umbali baharini.

Bahari yetu ina kalenda yake na ni lazima mpango uifuate. Wakati wa Kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, mawimbi ni makubwa, mwani hujaa ufuoni na maji huchafuka. Huo ni msimu wa kidimbwi na mazoezi ya mbinu. Maleleji na Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndio wakati wa kuogelea umbali. Usisahau maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa alfajiri na alasiri, na ifikapo saa nne asubuhi yamekupwa, umebaki unatembea juu ya mawe na wanyama wenye miiba myeusi. Wakati huo huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Mvuvi yeyote wa Bamburi atakuambia leo maji yanajaa saa ngapi, na jedwali la maji hupatikana kwa simu.

Ogelea ndani ya mwamba, sambamba na ufuo, saa moja kabla ya maji kujaa kabisa. Kaa mbali na mlango wa mwamba maji yanapokupwa, kwa sababu mkondo hutoka nje kwa nguvu. Ukichukuliwa, usipambane nao. Ogelea kwa kuukata upande hadi utoke, na uinue mkono kuomba msaada. Usiingie peke yako, funga kiunoni boya la rangi kali ili waendesha mashua na pikipiki za majini wakuone, na chagua kitu kirefu nchi kavu, mnazi au jengo, ukitazame kila baada ya mikono minane hivi. Bila hivyo utaogelea kilomita mbili kumaliza moja na nusu. Dada na mama wanaotaka kujisitiri watafute vazi la kuogelea lenye kufunika mwili lililotengenezwa kwa kitambaa chepesi kinachobana kiasi. Dera la pamba hubeba maji na humvuta mtu chini.

Baiskeli na mbio

Baiskeli ya barabarani ya mtumba, yenye kimo chako, inatosha kwa miaka miwili ya kwanza. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama, kiti kiko karibu na mahali pake. Chumvi ya hewa yetu hula mnyororo haraka, kwa hiyo osha kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari, kausha, tia mafuta. Toka kabla ya malori, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukiwa na taa mbele na nyuma na helmeti kichwani. Barabara ya Likoni kuelekea Ukunda asubuhi ya Jumapili huwa na nafuu kuliko ya Malindi.

Jambo moja wanaoendesha na vikundi hawalitambui. Kwenye triathloni ndefu hairuhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako. Kwa kawaida washiriki wa kawaida hutakiwa kuacha nafasi ya mita 12. Anayefika Kilifi na kundi kwa saa mbili amekatiwa upepo na wenzake, na hajui nguvu zake mwenyewe. Angalau kila wiki ya pili, endesha ukikata upepo mwenyewe, mwenzako akifuata kwa mbali kwa ajili ya usalama, kwa mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kuhema. Sehemu kubwa ya mazoezi ya mwaka mzima ni ya mwendo huo.

Kukimbia hakuhitaji maneno mengi hapa. Mara moja kwa wiki, shuka baiskelini ubadilishe viatu mara moja na ukimbie dakika 10 hadi 20, uzoee ule uzito wa miguu. Mama Ngina asubuhi ni mahali pazuri.

Joto, maji na chakula

Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi kwenye joto ili uanze kutoa jasho mapema na kwa wingi na moyo upunguze mbio. Mkazi wa Mombasa ana faida hiyo tayari, ila anayefanyia mazoezi yote kwenye chumba chenye kiyoyozi hana.

Jipime jasho. Pima uzani ukiwa umejikausha, kimbia saa moja, jifute, pima tena. Ukipungua kilo 1 na ulikunywa nusu lita, umetoa lita moja na nusu. Hicho ndicho kipimo chako, si cha rafiki yako. Ukirudi na uzani ulioongezeka umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari kubwa: chumvi ya damu hushuka, kichwa huuma, mtu hutapika, huchanganyikiwa na anaweza kufa akiwa amebeba chupa ya maji mkononi. Madafu ni mazuri, lakini chumvi yake ni kidogo kwa mtu anayetoka jasho saa sita. Kinywaji cha nyumbani kinatosha: lita moja ya maji, vijiko vinne vya mezani vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu.

Ukienda zaidi ya saa mbili na nusu, lenga gramu 60 za wanga kila saa, na wenye matumbo yaliyozoeshwa hufika 90. Ndizi mbili za wastani zina gramu 50 hivi. Tende ndogo ina gramu 5 au 6. Mahamri na chai alfajiri vinafaa kwa safari fupi, lakini mafuta yake hukawia tumboni kwenye safari ya saa nne. Uji wa wimbi hukaa vizuri zaidi. Chakula cha siku ya mashindano kijaribiwe miezi mingi kabla. Tumbo nalo hufundishwa.

Mwenzako akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka kwenye joto, usimpeleke hospitali kwanza. Mpoze kwanza: kivulini, nguo zipunguzwe, maji baridi na barafu mwili mzima, huku gari likitafutwa.

Kwa wanaofunga, miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kilele cha joto, na hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ipange kama wiki za kupunguza kazi. Zoezi jepesi la dakika 40 kabla ya kufuturu, au baada ya tarawehe kwa anayeweza, hulinda sehemu kubwa ya siha. Safari ndefu za baiskeli na kuogelea baharini ukiwa umefunga tunakukataza. Mashindano makubwa yasiwekwe chini ya wiki sita baada ya Idi.

Kuchagua tarehe

Ngazi ya kwanza inamhitaji mtu saa 4 hadi 6 za mazoezi kwa wiki, ya pili 6 hadi 8, nusu 8 hadi 10, na umbali kamili 10 hadi 15 katika miezi ya mwisho. Kabla ya kulipia, keti na familia na ratiba ya kazi. Mtu wa zamu za bandarini hawezi kufuata mpango wa mtu wa ofisini. Aweke zoezi gumu baada ya usingizi, si baada ya zamu ya usiku. Ongeza kazi wiki tatu, punguza ya nne.

Kwa umbali wa nusu, Rubavu kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda palikuwa na mashindano yake ya kwanza mwaka 2022. Huko ni zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kuna vilima, kwa hiyo mtu wa pwani afanye mazoezi ya kupanda, mathalani kuelekea Mazeras na Mariakani, na awahi siku kadhaa kabla. Kwa umbali kamili, Nelson Mandela Bay nchini Afrika Kusini ndiyo inayojulikana zaidi barani. Bahari ya kule ni baridi kuliko yetu na washiriki huvaa vazi la mpira, ambalo kwetu maji ni ya joto mno kulihitaji. Vazi hilo hubana kifua na kubadilisha jinsi mwili unavyoelea, na mtu asiyelizoea hupata hofu dakika za mwanzo. Liazime mapema, ulivae kidimbwini asubuhi na mapema kwa vipindi vifupi visivyozidi dakika 15, kisha ufike kule siku tano kabla ili uingie baharini nalo angalau mara mbili.