Pikipiki ya barabara mbovu: usianze na CC

Watu wengi wanaonifuata gereji kabla ya kununua pikipiki swali lao la kwanza ni CC, yani ukubwa wa injini. Fundi, nichukue 125 au 150, au nijikaze nitafute 200? Mimi huwa narudisha swali, unaenda wapi nayo na unabeba nini. Maana mtu anayeshinda kwenye lami ya kutoka Mombo kuja hapa Lushoto na mtu anayepanda Mtae au Mlalo kila wiki, au anayeingia ndani ndani huko Bumbuli, hao sio watu wa pikipiki moja hata kama mfukoni wana hela sawa.

Leo naongea na hawa wa pili, tena wale wasiobeba magunia. Mwalimu, muuguzi wa zahanati, bwana shamba, mtu mwenye begi lake mgongoni na labda abiria mara moja moja. Bodaboda wa kubeba viazi na kabichi hesabu zake ni nyingine kabisa, nitawaandikia siku yao.

Kitu kinachokuchosha kwenye barabara mbovu sio injini kuwa ndogo. Ni uzito wa chombo, ukubwa wa ringi ya mbele, na shokapu. Hivyo vitatu vikikaa sawa hata 125 utafika nayo umechangamka, na visipokaa sawa hata ukipanda 250 utashuka kiuno kinauma na mikono inatetemeka.

Tuanze na uzito. Huku kwetu udongo ni mwekundu, kiangazi vumbi, masika likinyesha saa moja tu unakuwa sabuni. Kwenye hali hiyo pikipiki lazima itakulalia tu siku moja, awe mtaalamu awe mgeni, na swali ni je unaweza kuinyanyua mwenyewe ukiwa peke yako kwenye kona ambayo hapiti mtu? Ndo maana nawaambia wateja dukani walaze pikipiki taratibu juu ya gunia au godoro alafu wainyanyue, mwenye duka akikataa basi angalau ishushe kwenye stendi, isukume kwa nyuma uipandishe kwenye kajimwinuko kokote. Ukiona unahema hapo dukani kwenye sakafu kavu, kwenye tope itakuwaje? Kwa mtu wa kawaida mimi naona mwisho uwe kilo 130 na mafuta yakiwa ndani, na kwa mtu mwenye mwili mdogo hata hiyo nashauri ashuke chini yake.

Urefu wa siti nao unaingia hapo hapo. Sio lazima nyayo zote mbili zikanyage chini kabisa, lakini vidole vya miguu yote viguse vizuri, au mguu mmoja ukanyage wote ukiinamisha kidogo, maana kwenye kona za mlima unasimama sehemu ambayo upande mmoja ardhi iko mbali na ukikosa pa kukanyaga unaenda nayo. Nina mteja muuguzi, dada mfupi, alikuja na pikipiki ya siti ndefu aliyopewa kazini, akaniambia kaka fundi mimi hii naiogopa. Tulichonga sponji ya siti tukaishusha kidogo kwa mbele pale anapokaa na kuifanya nyembamba pembeni ili mapaja yashuke wima, basi. Hatukugusa shokapu wala stendi. Anaendesha mpaka leo.

Ringi ya mbele. Pikipiki nyingi za bodaboda, Boxer na wenzake, zinakuja na ringi ya inchi 17 mbele na nyuma. Kwenye lami na barabara ya changarawe iliyochongwa ni nzuri tu, lakini ringi ndogo inazama kwenye shimo, alafu ukingo wa shimo unaupiga uso kwa uso. Ringi kubwa ya 19 au 21 inapita juu ya shimo hilo hilo kwa urahisi zaidi kwasababu inagusa ukingo ikiwa tayari imeshaanza kuupanda. Tofauti unaisikia kwenye viganja, hasa zile sehemu barabara imejikunja kama bati. Ndo maana Honda XL125 za zamani, Yamaha DT125 na Yamaha AG200 za miradi zilikuja na 21 mbele na 18 nyuma, waliozitengeneza walijua zinaenda wapi.

Na ringi iwe ya spoku, zile waya waya za chuma. Najua zile za aloi zinapendeza na haziitaji kukazwa, ila ikipiga jiwe vibaya inapasuka au inapinda na hapo ni kununua nyingine, wakati ya spoku fundi yeyote mwenye ufunguo wa spoku anainyoosha kijijini huko huko na safari inaendelea.

Sasa shokapu, na hapa naomba mnivumilie maana ndo penyewe.

Shokapu ina kazi mbili. Springi inabeba uzito, oili iliyo ndani inazuia springi isirushe rushe. Pikipiki inaweza kuwa na shokapu nzuri kabisa toka kiwandani lakini ikawa imefungwa kwa ajili ya mtu mwingine. Angalia Boxer au TVS nyingi za huku, shokapu za nyuma zina pete yenye ngazi ngazi pale chini ya springi, na ukikuta ilikuwa ya bodaboda pete imezungushwa mpaka mwisho kabisa kwasababu alikuwa anabeba abiria wawili na mzigo. Wewe una kilo 60 unapanda peke yako, springi imekazwa kwa kilo 200, ukikuta shimo haishuki hata kidogo inakurusha tu, unasema pikipiki hii ngumu. Sio ngumu. Chukua ile spana ya kucha, rudisha pete ngazi ya kwanza au ya pili, pande zote mbili sawa sawa, alafu nenda kajaribu. Kazi ya dakika tano na haina gharama.

Kupima ni rahisi, unaitaji futi kamba na mtu wa kukusaidia. Nyanyua nyuma ya pikipiki mpaka tairi ining'inie, mwenzako apime toka kwenye ekseli kwenda juu mpaka sehemu yoyote ya madigadi, aweke alama. Alafu panda ukae vizuri na begi lako mgongoni, apime tena hapo hapo. Ile tofauti iwe karibu theluthi moja ya safari yote ya shokapu. Yani kama shokapu inaweza kushuka sentimita 12, wewe ukikaa ishuke kama 4 hivi. Ikishuka 1 tu imekazwa mno. Ikishuka 7 imelegea, na kwenye mashimo itakuwa inagonga mwisho, unasikia kabisa ule mlio wa ko!

Mbele napo kuna tatizo linaloniuma sana. Oili sili, zile raba zinazozuia oili isitoke, zikianza kuvuja, fundi anabadilisha sili, alafu anajaza shokapu oili ya injini namba 40 kwasababu ndo iliyopo. Ile ni nzito mno. Shimo la kwanza shokapu inashuka, kabla haijarudi juu unakuta shimo la pili, la tatu, inazidi kukaa chini mpaka inakuwa kama chuma tupu, na mwenye pikipiki anaamini shokapu zimekufa anaambiwa anunue mpya. Oili ya shokapu ipo madukani, nyingi ni 10W au 15W (ndo namba ya uzito wa oili), na kiasi kiwe kile kile kulia na kushoto. Mwambie fundi wako akuonyeshe chupa kabla hajamimina, ni haki yako. Na pikipiki ikiwa na zile raba za mikunjo zinazofunika shokapu za mbele usizitoe, vumbi letu ndo linaloua sili.

Upepo wa tairi watu wanaudharau. Ukiwa peke yako kwenye mawe punguza kidogo kutoka kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki, kama psi 3 au 4, utashangaa barabara imelainika. Usizidishe. Ukishusha sana ringi inabana tyubu kwenye jiwe, unakuta imetoboka matundu mawili yanayotazamana, au tairi inateleza kwenye ringi na kung'oa mdomo wa tyubu.

Siti laini sana dukani usiifurahie haraka. Sponji laini ukikaa nusu saa inashuka yote unakuwa umekalia bati. Nzuri ni ile inayokataa kidogo ukiibonyeza na ngumi. Alafu jaribu kusimama kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, uone kama usukani unafikika bila kuinama sana, kwasababu kwenye sehemu mbovu kabisa hutakiwi kukaa, miguu yako ndo shokapu nzuri kuliko zote. Pikipiki inayokulazimisha kuinama ukisimama itakuua mgongo.

Wanaotaka CC kubwa hoja yao ni milima, na ni hoja ya kweli. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na injini inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kwasababu hewa inapungua. Lakini dawa ya kwanza ni gia. Ukitoa spoketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, yenye meno 14 ukaweka ya 13, ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma, pikipiki inapanda bila kulia na unashuka mlima kwa injini badala ya kuchoma breki. Unachopoteza ni spidi ya lami, na kwenye barabara za huku nani anaiitaji?

Kwa hiyo ninunue ipi fundi? Haya. Kama hela ipo na unaipata, Honda XR150L kwangu ndo inakaribia kabisa ninachokisema, kilo 129 hivi, mbele 19 nyuma 17, shokapu ya mbele inashuka sentimita 18, na injini ni ya kawaida isiyo na mambo mengi. Siti yake ni sentimita 82 na nusu, mfupi apande kwanza aone. Yamaha AG200 ukiikuta mnadani bado nzima usiiache, cheni yake imefunikwa yote haioni vumbi wala tope na ina stendi ya pembeni kulia na kushoto, kwenye mteremko utanishukuru. DT125 ni nyepesi na shokapu zake tamu sana, ila injini yake ni ya two-stroke, inaunguza oili pamoja na petroli, na petroli yenyewe inakula, uwe mtu wa kufuatilia.

Na kama bajeti ni ya Boxer, nunua Boxer ya spoku usione aibu hata kidogo. Spea zake zipo mpaka kwenye duka la kijijini, wakati XL unaweza kusubiri kifaa kije kutoka Tanga au Kariakoo huku pikipiki imelala. Weka tairi zenye meno, shusha ile pete ya shokapu, weka oili sahihi mbele, badilisha spoketi. Hiyo inawapita wengi waliotumia hela mara mbili.

Ukinunua ya mkononi fanya hivi kabla ya kutoa hela. Iweke stendi kubwa, shika tairi ya nyuma uitikise kulia kushoto, ikicheza ni beringi au bushi za swingi, ule mkono unaoshika tairi ya nyuma. Nyanyua mbele zungusha usukani taratibu, ukisikia unanasa katikati beringi za shingo zimekula. Chukua spana ndogo gonga spoku moja moja ukizunguka ringi, iliyokaza inalia ting, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Alafu futa vumbi chini ya tenki pale shingo inapoungana na fremu, angalia kwa tochi kama kuna mstari mwembamba wa kutu au rangi mpya iliyopakwa hapo tu peke yake. Ukiuona mstari huo, acha pikipiki hiyo hata akikupunguzia nusu ya bei.