Je, wajua kwa nini Wamarekani huchambua senti za benki moja moja?

Nchini Marekani mtu akiwa na dola 25 anaweza kuagiza benki, ikiwa bado inazo, boksi la sarafu 2,500 za senti moja, zilizofungwa hamsini hamsini kwenye karatasi. Nyumbani huzikagua zote kwa kioo cha kukuzia. Asipopata kitu huzirudisha, akapewa dola zake zilezile. Kilichopotea ni muda tu.

Anatafuta nini? Wengine hutafuta shaba. Hadi 1982 senti ilikuwa na shaba asilimia 95 na uzito wa gramu 3.11, tangu hapo ni zinki iliyopakwa shaba, gramu 2.5. Lakini kinachowindwa zaidi ni makosa ya kiwandani, hasa maandishi yanayoonekana maradufu.

Sarafu hugongwa kwa muhuri wa chuma, na muhuri huo nao hupata picha yake kwa kukandamizwa na muhuri mama. Zamani kukandamizwa mara moja hakukutosha: chuma kilipashwa moto kilainike, kisha kikarudishwa kwenye mashine. Kikikaa upande hata kidogo, picha ya pili haikulingana na ya kwanza, na kila sarafu iliyogongwa na muhuri huo ilitoka na kasoro ileile.

Ndivyo ilivyotokea kwenye kiwanda cha sarafu cha Philadelphia mwaka 1955. Kosa lilipogunduliwa, sarafu zipatazo 24,000 zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na zile nzima, wakubwa wakaona afadhali zitoke kuliko kuyeyusha shehena yote. Nyingi zilifika mtaani ndani ya pakiti za sigara! Mashine za kuuzia zilipokea senti 25 kwa sigara za senti 23, na chenji ya senti mbili ilikuwa imewekwa tayari chini ya nailoni ya pakiti. Leo moja huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Hapa wengi hudanganyika. Muhuri ukilegea na kutikisika wakati wa kugonga, herufi hupata kivuli bapa kama ngazi. Hiyo haina thamani. Maradufu ya kweli huwa na herufi mbili zilizoumuka, zenye mipasuko kwenye pembe. Anayeanza ajifunze tofauti hii kabla ya jambo jingine lolote.

Kisha kuna mwaka 1943. Shaba ilihitajika vitani, senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache mno zilitoka za shaba kwa bahati mbaya, na hizo ni mali kubwa. Matapeli hupaka shaba zile za chuma, lakini sumaku huwaumbua papo hapo.

Novemba 2025 Marekani iligonga senti za mwisho za matumizi ya kawaida, kwa kuwa kutengeneza moja kuligharimu zaidi ya senti tatu. Mabilioni zilizoko mikononi mwa watu bado ni pesa halali. Ukiangukia yenye kasoro, usiisugue wala kuing'arisha: wakusanyaji hulipia uso wake wa asili, na sarafu iliyosuguliwa hushuka bei vibaya sana.