Karatasi imeandikwa "contaminated", sasa mama nichemshe au nimwage?

Juzi kati kaja mama mmoja pale kaunta ya maabara yetu ya maji, anauza chakula maeneo ya Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, kashika karatasi imekunjwa mara nne hadi inataka kuchanika, tukasalimiana mwangaluka, akaniambia mwanangu hebu nisomee hapa, nimepewa majibu ya kisima changu ila sielewi kitu. Nikatazama. Karatasi nzima Kizungu, chini kabisa neno moja kwa herufi kubwa, CONTAMINATED, na muhuri juu yake. Nikamwambia, mama, maji yako ni machafu. Akanikatalia palepale. "Machafu? Mbona meupe pee, sarafu ukiitupia kwenye ndoo unaiona mpaka mwaka wake!"

Na alikuwa mkweli. Kosa lilikuwa langu, tena mimi ndo naitwa mtaalamu.

Kwa Kiswahili chetu "chafu" ni kitu cha macho na pua, tope, takataka, shati la fundi gereji. Hilo neno la Kizungu halijali macho. Asili yake ni Kilatini, linatoka kwenye ukoo wa neno la kugusa, yaani kitu kimeguswa na kitu kingine ambacho hakikutakiwa kuwepo pale, basi, hata kama huoni alama yoyote. Maji meupe pee yanaweza kuwa yameguswa na maji ya tope yanaweza kuwa hayana mdudu wa kukuumiza.

Afu kuna balaa lingine la "kuchafuka". Kipindi fulani tulipata majibu mabaya ya maji ya ufukweni mwa Ziwa Victoria sehemu moja, mvua zilikuwa zimepiga wiki nzima, tukabandika tangazo mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotua: ZIWA LIMECHAFUKA, MSITUMIE MAJI. Tukaona tumemaliza kazi. Kesho yake wavuvi wamekaa chini ya mti wanacheza drafti, mitumbwi yote imelala mchangani, nauliza vipi leo hamuingii, mzee mmoja ananijibu si nyie mmesema ziwa limechafuka, tunasubiri upepo utulie. Na nyuma yake watoto wanachota maji na madumu kama kawaida! Maana kwa mtu wa ziwa, ziwa likichafuka ni mawimbi, kama vile tumbo likichafuka unatafuta choo na mtu akichafua hali ya hewa ndani ya daladala mnafungua madirisha. Sisi wenyewe ndo tulioandika tangazo bila kufikiri nani atalisoma.

Kuna wanaopenda kuandika "najisi". Mi silipendi kwenye karatasi ya maabara. Kwanza kunajisi lina maana nyingine nzito ya mahakamani, halafu najisi ni suala la dini na lina vipimo vyake, maji kwa ajili ya udhu wanaangalia kama rangi imebadilika, ladha au harufu, na bakteria ninaowatafuta mimi hawana rangi wala ladha wala harufu. Maji yanaweza kukufaa kwa udhu na bado ukiyanywa yakakulaza kitandani. Maswali mawili tofauti, tusiyachanganye.

"Kuchakachua" je? Hili tamu, na kila mtu analijua tangu enzi za mafuta ya taa kuchanganywa kwenye dizeli. Ila kuchakachua lazima kuwe na mtu na nia yake, mtu anaongeza maji kwenye maziwa apate faida. Kisima cha yule mama hakuna aliyekichakachua, ukiandika hivyo kesho anagombana na jirani.

"Uchafuzi" nao tumelizoea kwenye mazingira, uchafuzi wa ziwa, na hapo liko sawa kabisa. Mto Mirongo unapita katikati ya mji na kuingia ziwani na kila kilichotupwa njiani, na kule milimani, Igogo, Mabatini, nyumba zimepanda juu ya mawe ambako kuchimba shimo la choo refu ni shughuli, kwa hiyo kuna watu wanasubiri mvua kubwa ndo wanatapisha vyoo, maji yanabeba yote yanashuka nayo. Wataalamu wanatenganisha hivi: kitu kikiwepo tu pale kisipotakiwa ni ile ya kuguswa, kikishaanza kuleta madhara ndo tunaita uchafuzi wenyewe. Tofauti ndogo lakini ipo.

Mnajua kwa nini naling'ang'ania hili jambo? Kwa sababu neno ndo linampa mtu cha kufanya. Watu wazima wa hapa wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilivyowawekea ngumu samaki wa ziwa letu, siyo mara moja. Mara bakteria wa salmonela, mara hofu ya kipindupindu, halafu 1999 ikawa sumu, kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu za kuulia wadudu. Kizungu kote kule unaweza kutumia neno moja tu, samaki ni "contaminated". Lakini salmonela ukimpika sangara vizuri inakufa. Sumu haifi kwa moto, sumu siyo mdudu. Mtu aliyeambiwa tu "samaki wana matatizo" atawapika zaidi na kujiona yuko salama. Sumukuvu kwenye mahindi na karanga ni hivyo hivyo, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ugali ulikuwa umeiva. Angalau hapo Kiswahili kimetupa jina zuri kuliko la Kizungu, sumu inayotoka kwenye kuvu, umemaliza, hata mtoto anaelewa.

Jikoni nako ni kuguswa tu, kisu kimepasua sato mbichi kikafutwa na kitambaa kikahamia kwenye kachumbari. Kachumbari haipikwi. Pale sema "vijidudu vimehamia", usitafute neno kubwa.

Basi nikamvuta yule mama ndani nimuoneshe. Tunachuja mililita 100 za maji kwenye kikaratasi chembamba, tunakilaza kwenye chakula cha bakteria, kinaingia kwenye inkubeta, kabati la joto, nyuzi 44, kesho yake kila bakteria wa aina tunayoitafuta kazaana mpaka kawa kidoti cha njano unachokiona kwa macho. Kinachotakiwa kwenye maji ya kunywa ni sifuri. Cha kwake kilikuwa na vidoti 30 na kitu, akavihesabu kwa kidole mwenyewe, akaniuliza hivi vinakaa wapi kabla ya kuja kwangu. Nikamwambia ukweli, mama, vinaishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Akanyamaza kidogo.

"Unataka kuniambia maji yangu yameingia mavi."

Ndiyo mama. Kinyesi, kama unataka neno la ofisini.

Akaniambia choo cha jirani kiko upande wa juu wa kisima, hatua kama 12 hivi. Sisi tunashauri angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu. Akauliza sasa nichemshe au nimwage, nikamjibu chemsha mpaka yatokote kabisa, ya kunywa na ya kuoshea mboga zisizopikwa, usimwage, maana tulichokikuta humu ni vijidudu na vijidudu vinakufa, ila kisima chenyewe tutakuja kuweka klorini na huyo jirani mtaongea naye taratibu. Kalamu ilikuwa mezani. Nikakata lile neno la Kizungu, nikaandika kwa mkono chini yake: "Yameingia kinyesi, chemsha." Akaikunja tena mara nne, akaiweka kwenye kanga, akaondoka.